Mama, Haukuwa Moto wa Jiko

Mama,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Ulikuwa ukisema mwenye jambo aseme, wengine tuna kazi. Haya basi, nasema. Nimekukasirikia tangu mvua za mwaka huu zianze, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka, maana wewe uko Bungoma chini ya udongo na mimi niko hapa katikati ya jiji, dukani kwangu, naandika juu ya meza ya kukatia mapazia. Wateja hakuna. Kumenyesha asubuhi yote na watu wanapita mbio bila hata kuangalia ndani.

Wacha nikupe habari za nyumbani kwanza. Kibanda chako cha chakula pale Kangemi kimechukuliwa na yule jirani yako aliyekuwa akiuza viazi. Anajaribu, maskini, lakini chapati zake ni ngumu ajabu, na wale mafundi wa gereji wanasema tangu uende hawajala ndengu za maana. Barasa mume wangu hajambo, bado ni dereva wa lori la kokoto. Nekesa wako, kitinda mimba, amepata mchumba. Anaitwa Kamau, kwao ni Kinoo, kazi yake ni kutengeneza lifti za maghorofa. Ungempenda. Haongei sana na ugali anaula bila kulazimishwa.

Mimi na Barasa bado tuko wawili. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Nakukumbuka kibandani, Mama. Nilikuwa darasa la sita au la saba, nikitoka shule napitia kwako kula. Ulikuwa unakaanga kitu, mara unaacha mwiko, unavuta kitambaa cha kichwa, jasho linakutiririka mpaka kidevuni, unachukua kifuniko cha sufuria unajipepea. Wateja wanangoja. Nikikuuliza una nini, jibu lilikuwa lile lile: "Moto wa jiko huu, mwanangu." Nikaamini. Nani asiyetoka jasho akipikia watu kwa makaa mchana kutwa?

Lakini kanisani hakukuwa na jiko! Julai, Nairobi imeganda, akina mama wote wamejifunika mashuka na masweta, na wewe umevua lako unajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Hapo ulisema ni taifodi. Haki ya nani, hiyo taifodi yako ilimezeshwa dawa miaka na miaka. Kila kliniki ya mtaani ilikutoa damu ikakuambia unayo, ukarudi nyumbani na mfuko wa vidonge, ukapona wiki moja, joto likarudi. Nasi tukazoea. Tulisema mama yetu ana damu ya taifodi, kama vile mtu anavyosema mama yake ana sauti nzuri.

Ukaja ukateleza pale nyuma ya kibanda kwenye maganda ya viazi. Kuanguka kwa kawaida tu, hata mtu hangekimbia kuja kuona. Nyonga ikavunjika. Daktari wa wodi aliinua picha ya eksirei dirishani akauliza kama tuna uhakika na umri wako, kwa sababu hiyo ilikuwa mifupa ya nyanya wa miaka themanini. Ulikuwa na hamsini na tano. Tulijibizana pale pale, Nekesa akisema ni kazi nyingi, mimi nikisema ni kukosa maziwa. Wewe ulikuwa umelala unatusikiliza na hukusema lolote. Wiki chache baadaye damu ikaganda mguuni, ikapanda kifuani, ukatutoka. Nilidhani nimekwisha kulia.

Sasa sikiliza yangu.

Nilipoolewa tulikubaliana na Barasa tujipange kwanza, mtoto baadaye. Nikaenda kupigwa sindano ya miezi mitatu, kama wanawake wote wa mtaani. Hedhi ikapotea, na muuguzi alikuwa amenionya kwamba itapotea, kwa hiyo nilifurahi tu. Nani anapenda ile adha? Tulipokuwa tayari nikaacha sindano, nikangoja. Muuguzi akasema itarudi, wengine huchelewa. Nikangoja tena. Mwaka ukapita. Wanawake wa chama wakasema dawa imejaa mwilini, ninywe maji mengi. Nikanywa maji, Mama, mpaka tumbo linapiga kelele nikitembea. Halafu joto likaanza. Linanishika shingoni, linapanda usoni, natota, kisha nasikia baridi. Unajua nilienda wapi? Nilienda kliniki nikapimwa taifodi. Nikaambiwa ninayo. Nikanunua dawa.

Aliyenishtua ni mteja wangu mmoja wa mtaa wa Karen, mama wa makamo. Nilikuwa juu ya ngazi sebuleni kwake, nikipima madirisha, na huko ni baridi siku zote kwa ile miti yao. Joto likanishika. Tepu ikaniponyoka. Akanishusha, akanikalisha, akaniletea maji, akaniangalia kwa muda. Akasema hayo anayajua, yalimpata mwaka jana, ni ya kukoma hedhi. Mimi nikacheka kwa dharau. Nikamwambia, mama, mimi nina miaka thelathini na miwili, hayo ni yenu. Hakukasirika. Aliniuliza tu mara ya mwisho niliona damu lini. Nikainama kuokota tepu. Akaniambia kuna daktari wa wanawake Parklands, niende, na nisikae.

Nilienda. Daktari ni mwanamke, mpole, anaongea polepole mpaka unataka kumsukuma. Alinitoa damu, akaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa, akanitoa tena, akanipiga picha ya tumbo. Siku ya matokeo akaniuliza maswali yasiyoisha. Nimewahi kuvuta sigara? Nimewahi kuugua saratani nikapewa zile dawa kali au kuchomwa kwa miale? Nimewahi kupasuliwa kwenye ovari, uvimbe kutolewa? Nina shida ya tezi ya shingo, au ugonjwa wowote ambao mwili unajishambulia wenyewe? Niliwahi kuugua matumbwitumbwi yakanizidi? Sindano, nikasema mimi, ni ile sindano. Akatikisa kichwa. Sindano haifanyi hivyo, alisema, ilificha tu. Hedhi ilikuwa inakwisha huku mimi nadhani ni dawa.

Kila swali nilijibu hapana. Nilikuwa hata naanza kujisifu moyoni kwa afya yangu. Ndipo akauliza: "Na mama yako alikoma lini?"

Mama, sikujua.

Nilijua viatu vyako ni namba ngapi. Nilijua unavyopenda chai, majani mengi na tangawizi, na kwamba ukinuna usisemeshwe mpaka umalize kukuna nazi au kuosha vyombo. Hilo sikujua. Nilimwambia daktari nadhani kama watu wengine. Akauliza ulikufa na nini. Nilipomweleza habari za nyonga, na joto, na taifodi, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ovari zikiacha kazi mapema, si mtoto tu anayekosekana. Mifupa inakosa kinga yake, moyo pia, mwaka baada ya mwaka, na mwanamke hajui mpaka siku aanguke. Kuna dawa, alisema. Homoni za kurudishia mwili ulichokosa, mpaka ule umri ambao wanawake hukoma kwa kawaida. Zingekusaidia, Mama. Ulikuwa unapita pale Parklands kila mara ukienda kununua viungo kwa Wahindi, na dawa zilikuwa hapo.

Wengi hawajui sababu ya ovari zao kukoma, aliniambia, na wakati mwingine daktari mwenyewe haioni. Lakini kuna familia ambazo jambo hili linatembea kwenye damu, toka kwa mama hadi kwa binti. Ovari zangu, alisema, zimebakiwa na kitu kidogo sana, na kushika mimba kwangu itakuwa bahati isiyotegemewa. Kisha akauliza kama nina dada.

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka mjini. Sikumbuki nilipita wapi.

Jumapili iliyofuata nilienda Kawangware kwa mama mdogo Rispa. Nilimkuta anachambua mboga za saga kwenye sinia, nikakaa nikamsaidia, na nikamuuliza moja kwa moja. Mwanzoni alijifanya hasikii. Halafu akasema huku macho yake yako kwenye mboga. Kwamba wewe uliacha kuona mwezi ukiwa na thelathini na moja, Nekesa hata hajaacha kunyonya. Kwamba yeye aliacha mapema zaidi, hata mtoto mmoja hajapata. Kwamba nyanya naye ni hivyo hivyo. Na kwamba nyanya aliwaita nyinyi wawili nyuma ya nyumba akawaapisha msitamke, kwa sababu ikijulikana kwamba wasichana wa nyumba hiyo wanakauka mapema, hakuna boma litakalotuma wazee kuwaposa. Siku ya mahari mashangazi wa mume huuliza uliza habari za mama na za nyanya, wanataka kujua nyumba inazaa vipi. Mlijifunza kuwadanganya hao. Kosa lenu, Mama, ni kwamba mlitudanganya na sisi.

Wewe ulikuwepo mama mdogo alipofukuzwa na mumewe akiitwa tasa. Ulimpokea, ukampa kitanda, ukampikia uji. Lakini watu wa mumewe walipokuja nyumbani wakisema amerogwa, wengine wakisema ametoa mimba ujanani, ulijua ukweli na ulinyamaza. Aliniambia bila kukulaumu. Mimi ndiye ninayekulaumu. Kama ungetwambia hata nikiwa na miaka ishirini, hata kwa kunong'ona huku unasonga ugali, ningezaa kwanza nikapanga baadaye. Barasa angekuwa na mtu wa kumwita baba.

Na wewe ungekuwa na mtu wa kubeba jina lako. Kule wodini ulinishika mkono ukasema, "Nikienda, msikawie kuniita." Nilielewa. Kwetu mtoto hulia, watu wakatajataja majina ya waliokufa, na anaponyamaza ndipo inajulikana nani amerudi. Uliomba hivyo ukijua, Mama. Ulijua mimi nimefika umri ule ule wako, na bado ukaniomba hivyo na ukafunga mdomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama mdogo alinisindikiza mpaka stegi ya matatu akinibembeleza. Nisimwambie Nekesa. Wazee wa Kinoo walikuwa wameshapanga siku ya kuja. "Ngoja wale watu waje, wamchukue," alisema. "Atashika mimba haraka, atakuwa salama. Usimharibie mtoto." Na usicheke, nilitaka kumsikiliza. Nekesa alikuwa anaimba siku hizo. Alikuwa ananipigia simu kuniuliza rangi za mapazia ya nyumba yao, ananibadilishia leo buluu kesho kijani. Nilimkatia mapazia yake nikiwa nimeuma mdomo. Lakini kila nikikunja kitambaa namwona akiwa na umri wangu, juu ya ngazi ya mtu, jasho linamtiririka, ananiuliza kwa nini sikumwambia.

Alikuja dukani Jumamosi kuyachukua. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, kwa mpangilio. Nikasema vibaya. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, tumesimama katikati ya marobota, mteja mmoja ameshika pazia la lesi anatusikiliza. Nekesa akacheka. Akasema, "Dada, usinitishe. Mimi pia sioni siku zangu tangu mwaka jana, na ni ile sindano tu."

Nikamuuliza sindano ya mwisho alipigwa lini.

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, Mama. Midomo ikicheza, kisha ikaacha. Alikuwa ameacha sindano kabla hujafa.

Yule mteja aliweka lesi chini akatoka. Nilifunga duka.

Daktari alimpima naye mara mbili kama mimi. Ana miaka ishirini na nne, na mayai yaliyobaki ni machache. Si kwamba hayapo, alisema, ni machache na yanakwenda mbio. Wakati mwingine ovari za namna hii huamka zenyewe mwezi mmoja zikalala tena, hakuna anayejua mwezi gani. Kama anataka mtoto wa tumbo lake aanze sasa, asingoje harusi wala sherehe, na hata hivyo hakuna ahadi. Nekesa alimsikiliza kwa adabu sana. Nje kwenye baraza akakutukana. Sitakuandikia maneno yenyewe. Nilimwacha amalize, kisha akalia akitaka umrudie umshike, yote kwa pumzi moja.

Alimwambia Kamau mwenyewe, na Kamau akaomba muda afikirie. Lakini siku ilikuwa imeshapangwa, hatukuweza kuiahirisha. Wakaja kwangu, baba yake, wajomba, mama yake na mashangazi wawili, wamevaa vizuri, wamebeba soda na mkate na blanketi. Wakala, wakasifu kuku. Na kama kawaida shangazi mmoja akaanza, kwa tabasamu, kwamba wao wanapenda watoto wengi, na je, nyumba yetu imebarikiwa vipi upande huo. Nilimwangalia Nekesa akiangalia mikono yake. Nilikuwa nafungua mdomo.

Mama mdogo akasimama. Rispa yule yule wa kunibembeleza stegini. Akasema, "Mimi niliolewa nikafukuzwa kwa sababu ya jambo ambalo dada yangu alilijua na mama yetu alilijua. Sitaki mtoto huyu afukuzwe kwa jambo ambalo nyinyi hamlijui." Akawaeleza. Yako, yake, ya nyanya, yangu, ya Nekesa. Alisema hedhi mbele ya wajomba! Baba yake Kamau alikohoa akaangalia dirisha. Mama yake Kamau hakukohoa, alimtazama Nekesa tu, na mimi sikuweza kusoma uso ule.

Walimaliza chai. Walishukuru sana, maana ni watu wa heshima. Kwenye mlango, pale ambapo watu hutaja siku ya kurudi, walisema watatujulisha. Kamau aliondoka nao.

Hawajatujulisha mpaka leo. Kamau alipiga simu baada ya siku mbili akauliza kliniki ni lini. Alikuja, akaketi na Nekesa kwenye benchi, akatoa damu yake apimwe naye. Kwao wanadhani yuko kazini. Sijui kama atakaa. Yeye mwenyewe, nadhani, hajui. Kesho wanaanza dawa za kujaribu kuamsha kilichobaki, na mimi nimeanza vidonge vyangu vya homoni, vya kulinda mifupa na moyo. Barasa aliniuliza jana kama vitaleta mtoto, nikamwambia hapana, vitaniacha hai. Akasema nisisahau kuvimeza.

Sijakusamehe, Mama. Nilitaka barua hii iishie huko, nimejaribu, haijafika. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili vimekaa ndani yangu na havigombani.

Desemba tutakuja kupalilia kaburi, mimi na Nekesa na mama mdogo, Nekesa akiwa na mimba au bila mimba. Unawajua watu wa nyumbani. Watatuzunguka pale pale juu yako, watatuangalia matumbo, watauliza, bado tu? Nakuahidi sitainamisha kichwa. Nitawaita na wale wasichana wadogo wa majirani na wa binamu zetu wasogee, nitawaambia kwa sauti kwamba ovari zetu zilikoma mapema, na zako pia, na za mama yako, na kwamba msichana akiona mwezi umepotea asiseme ni sindano wala taifodi, aende akapimwe. Utatusikia, maana nitakuwa nimesimama kichwani pako. Usione aibu, Mama. Hukufa kwa kuanguka. Hiyo aibu ndiyo iliyokuua, na mimi binti yako siirithi.

Lala. Nimekwisha kusema.

Mwanao,
Nafula